Chupa Tisa za Masala

Jumapili, 9 Januari 1994. Liuli

Nicholaus amenipa daftari hili. Ni moja ya vitu vitatu alivyorudi navyo kutoka Mbinga alipopunguzwa kazi kwenye ushirika: daftari, koti la mvua na kikohozi. Kurasa zimepigwa mistari ya kuandikia kilo za kahawa, lakini kahawa siku hizi inanunuliwa na watu binafsi wanaokuja na malori yao na mizani yao, na karani kama mume wangu hana tena wa kumwandikia. Basi nitaandika mimi.

Kila mtu sasa anauza kitu. Duka la Bwana Abdulazizi, ambalo miaka ile tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo limejaa mpaka barazani. Mimi nauza masala. Nilijifunza kuitengeneza Songea, nilipofanya kazi miaka saba nyumbani kwa Mama Kulsum, Mhindi wa duka la vitambaa. Tangawizi, vitunguu swaumu, pilipili, giligilani, bizari nyembamba, manjano. Unasaga kwenye jiwe mpaka mabega yanalia, unakaanga mpaka rojo litoe mafuta pembeni, unatia chumvi nyingi, ukwaju na ndimu. Watu wa huku kwanza walicheka. Sasa wanaiulizia.

Jumanne, 11 Januari

Mvua tangu alfajiri. Kuni zote zimelowa. Jiko limejaa moshi na moto haupo. Nimepuliza mpaka nikaona nyota. Ukwaju umekwisha na ndimu zilikuwa nne tu, kavu. Chumvi nimeipunguza makusudi, maana mke wa Mwalimu Damiano wa kijiji cha Tingi alilalamika mara iliyopita kwamba inakereketa. Rojo sikulikaanga mpaka mwisho. Nimelipasha, nikajaza chupa, nikamwagia mafuta juu ili hewa isiingie, nikakaza vifuniko.

Chupa tisa. Rangi yake nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Jumatano, 12 Januari

Chupa nane nimezipeleka kwa Bwana Abdulazizi, moja nimeiacha rafuni kwetu. Akainua moja kwenye mwanga. "Hii itakaa, dada Eunice?" Nikamwambia itakaa mpaka Pasaka.

Jumapili, 16 Januari

Wifi yangu Lidia amegombana na Bibi Gertruda tena. Lidia ni dada wa Nicholaus. Ndoa yake ya Mbinga ilivunjika, sasa ni mwaka wa pili anakaa chumba cha nyuma kwetu. Ana mdomo mkali. Bibi Gertruda ni mjane, jirani yetu wa upande wa ziwani, anaishi na bata wake tu. Bata wameingia kwenye muhogo wetu uliolowekwa, Lidia akamtukana bibi mbele ya watu waliokuwa wanachota maji. Bibi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mdomo huo, mwanangu, utanyamaza siku moja."

Mtu mzima anajibiwa hivyo na bado mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Alhamisi, 20 Januari

Mvua.

Jumanne, 25 Januari

Mvua. Lidia anakula amesimama, anachovya kila sufuria, anacheka peke yake. Leo amemwambia Nicholaus kwamba mimi napika kama mgonjwa. Nimetamani apate mume mwingine, hata kesho, hata wa ng'ambo ya ziwa.

Jumanne, 1 Februari

Nimetoka shamba nimelowa, namkuta Lidia jikoni na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Amefungua ile chupa ya masala na anachota mbichi kwa kidole. Theluthi nzima imekwisha. Nimemgombeza sana.

"Wifi," akasema huku mdomo umejaa, "ikiwa mbichi ndiyo tamu. Wewe ukiipika unaiharibu."

Jumatano, 2 Februari

Jioni Lidia alituita uani akasema anaona mitumbwi miwili pale tulipoona mmoja. Tukacheka. Nicholaus akamwuliza amekunywa pombe ya nani. Baadaye akaomba maji, akasema kinywa kimekauka kama amekula majivu.

Alhamisi, 3 Februari

Asubuhi hakuweza kufungua macho. Si kwamba amelala. Kope zenyewe zimelegea, akawa anaziinua kwa vidole ili atuone. Uji ulitokea puani. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka kama ya mtu aliyeweka kiazi moto mdomoni, halafu saa tatu haikutoka tena kabisa.

Nicholaus akambeba mgongoni mpaka hospitali kwenye mvua. Mimi nilifuata nyuma nikimshika mguu, maana mikono yake Lidia ilikuwa haishiki tena shingo ya kaka yake.

Ijumaa, 4 Februari

Daktari Wendelin ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Amempima malaria, hana. Homa hana. Amemwinamia akamwambia, "Lidia, kama unanisikia, sogeza kidole hiki." Kidole kikasogea. Daktari akatugeukia. "Akili yake ni nzima. Anasikia kila neno. Ni mwili ndio unaomkatalia, na unamkatalia kutoka juu kwenda chini." Akavua miwani. "Amekula nini ambacho ninyi hamkukila?"

Nicholaus alikuwa hajui. Mimi nikasema, "Muhogo na dagaa, daktari, kama sisi."

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilikuwa nimeikumbuka chupa. Niliikumbuka kabla hajamaliza swali. Nikajiambia masala ni masala, watu wameila miaka yote.

Jumamosi, 5 Februari

Sikuvumilia. Nimekwenda dukani kwa Bwana Abdulazizi nikapiga kelele mbele ya wateja kwamba ameniuzia mafuta mabovu ya dumu, mafuta ya mashine, na wifi yangu anakufa. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hakunifukuza. Alimimina mafuta yale yale kwenye kiganja, akayanywa, akajifuta ndevu.

"Haya ndiyo anayopikia Shamimu kila siku," akasema. Shamimu ni mke wake, alikuwa amesimama nyuma ya pazia la duka na mtoto mgongoni. "Ingekuwa ni mafuta, dada Eunice, Liuli nzima ingekuwa imelala hospitali. Nenda katulie. Wifi yako tunamwombea."

Nilirudi njia nzima nikizifikiria kuni zilizolowa. Nyumbani nikafungua chupa nikanusa. Hainuki kitu. Inanukia vizuri. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Nimeifukia nyuma ya choo.

Jumapili, 6 Februari

Lazima niandike hili vizuri.

Baada ya ibada watu walikuwa wakisema kisimani kwamba Bibi Gertruda alitabiri. Alisema mdomo utanyamaza, na mdomo umenyamaza. Nicholaus alikuwa hospitali. Mimi nilikuwa nimerudi kuchukua shuka. Nikasikia vishindo. Vijana kama saba, wengine nawajua kwa majina ya ubatizo, wameparamia nyumba ya bibi na wanang'oa nyasi za paa na kuzitupa chini. Mvua ilikuwa inanyesha. Mmoja alikuwa anamfukuza bata kwa fimbo. Hawakumgusa bibi. Walimwambia tu, "Nenda uliko na watu wako." Ana mtoto wa dada yake kijiji cha Kihagara.

Alitoka na godoro lake kichwani na sufuria mkononi. Ili aende njia ya Kihagara ilimbidi apite mbele ya mlango wangu, nami nilikuwa mlangoni, shuka mkononi. Alisimama. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye godoro mpaka usoni mwake. Hakunilaani, hakuniomba. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema: ni masala. Vijana walikuwa hatua ishirini. Wangenisikia.

Nilimwamkia. "Shikamoo, bibi." Hicho ndicho nilichosema. Akaitikia marahaba, akaenda.

Jumatatu, 7 Februari

Asubuhi Lidia alianza kushindwa kupumua. Rangi ya midomo ikabadilika. Daktari Wendelin na muuguzi walimpasua tundu dogo kooni, wakatia mrija, na kwenye mrija wakaunganisha mpira wa kubinya kwa mkono. Ukibinya, kifua kinainuka. Ukiacha, hakiinuki. Hakuna mashine, hapa wala Songea. "Ndugu ndio mashine," daktari akasema. "Kwa zamu. Siku kumi, ishirini, sijui."

Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya wodi. Nikasema yote: kuni, chumvi, ndimu nne, mafuta juu, kidole cha Lidia ndani ya chupa. Nicholaus alikuwa anabinya mpira. Hakuacha kubinya, lakini alinitazama, na katika miaka kumi na nne ya ndoa sijawahi kutazamwa hivyo.

Daktari hakunifokea. Alisema kuna sumu inayozaliwa katika chakula kilichofungiwa bila hewa, kisichokuwa na chumvi ya kutosha wala uchachu. Haina harufu wala ladha. Chakula kikichemka sana, inakufa. Kikiliwa kibichi, ndivyo hivi. Dawa yake haiko nchini kwa jinsi anavyojua. Ataulizia kwa redio. Kisha akauliza, "Zilikuwa chupa ngapi?"

"Tisa."

"Nyingine ziko wapi, mama?"

Nilikimbia mpaka dukani. Nilimwambia Bwana Abdulazizi mbele ya wateja wale wale wa Jumamosi kwamba kosa ni langu na mafuta yake ni mazima. Hakusubiri nimalize. Alizitoa chupa tatu zilizobaki rafuni akazipasua kwenye shimo la taka. Nne, akasema, alimuuzia mama mmoja anayeuza chakula mwaloni Kihagara, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Moja aliichukua Mwalimu Damiano akaenda nayo Tingi.

"Nafunga duka," akamwambia mkewe. Akanigeukia. "Kihagara nakwenda mimi, kwa baiskeli. Wewe Tingi. Ukianza sasa unafika kesho."

Siku mbili tu zilizopita nilikuwa nimemwita muuaji.

Jumatano, 9 Februari. Tingi

Naandika mezani kwa Mwalimu Damiano. Njia ya kupanda huku imekatika mahali pawili; nimevuka kijito maji yakiwa kifuani, nikalala siku mbili njiani kwa wakulima wasionijua. Nimefika leo saa nne asubuhi. Mke wake, mama Antoni, alikuwa anaosha vyombo. Kwenye beseni la vyombo kulikuwa na chupa yangu, tupu, safi, inang'aa.

"Karibu, mama Joakim!" akasema kwa furaha, maana huwa ananiita kwa jina la mwanangu anayesoma bweni. "Safari hii umeipatia. Haina chumvi nyingi. Tumeimaliza yote jana, tulikuwa na wageni wa jumuiya."

Nilikaa pale pale kwenye tope.

Nilipoeleza, Mwalimu Damiano alitoka ndani na chaki mkononi. Alimuuliza mkewe maswali kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi, moja baada ya jingine. Mliipikaje? Kwenye maharage. Muda gani? Tangu asubuhi mpaka maharage yalipoiva, na mnajua kuni zilivyo siku hizi, ilichukua muda mrefu. Kuna aliyeonja mbichi? Mama Antoni akaweka mkono mdomoni. Alisema anadhani hakuonja. Halafu akasema hakumbuki.

"Basi utakaa hapa," mwalimu akaniambia. "Utakaa mpaka tujue."

Alhamisi, 10 Februari. Tingi

Nimekaa nao wakati wa chai, wakati wa chakula. Wako watano. Nawatazama kope. Mtoto mdogo akipepesa macho nashtuka. Mama Antoni kila saa anaweka vidole viwili mbele ya uso wake anavihesabu kwa sauti. "Viwili. Bado ni viwili." Mchana alisema kinywa kimekauka, tukampa maji, akameza vizuri, kisha akaanza kulia kwa hasira na kunirushia kikombe. Kimenipiga begani. Nilifurahi kwamba mkono wake una nguvu.

Mwalimu amewatembelea wote waliokula. Wazima.

Ijumaa, 11 Februari. Tingi

Wote wazima. Siku ya tatu imepita. Mwalimu amenisindikiza mpaka kijitoni. Hakunipa mkono. Alisema, "Mama, umekuja mwenyewe. Hilo nitalisema kwa watu. Lakini usirudi kutuuzia kitu."

Jumamosi, 12 Februari. Liuli

Bwana Abdulazizi amerudi na chupa mbili kutoka Kihagara. Mbili nyingine zilipikwa kwenye supu ya samaki na kuchemka kutwa nzima. Hakuna aliyeugua. Chupa zote tisa sasa zimejulikana mwisho wake.

Lidia yuko vile vile. Zamu yangu ya kubinya mpira ni kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nicholaus alinipisha kiti akatoka nje.

Jumapili, 13 Februari

Padri aliniruhusu nisimame baada ya matangazo. Nilisema kwamba Bibi Gertruda hana hatia, kwamba aliyemnyamazisha Lidia ni mimi kwa masala yangu, bila kukusudia. Niliwatazama wale vijana; walikuwa benchi la nyuma wanaangalia miguu yao.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Wakati wa kutoka, mama mmoja alinipita akasema chini chini, "Kwa hiyo ndiyo dawa aliyoinunua Songea." Wengine hawaamini ugonjwa unaweza kukaa ndani ya chupa. Wanaamini mimi na bibi tulishirikiana.

Jumanne, 15 Februari

Binya, hesabu mbili, achia. Binya, hesabu mbili, achia. Kiganja kimetoka malengelenge, nimekifunga kitambaa. Kwa Lidia hakuna kinachosogea sasa, hata kile kidole. Muuguzi anamfungua kope mara moja kwa saa amtie matone. Jicho linaniangalia.

Alhamisi, 17 Februari

Leo tulikuwa peke yetu wodini, mvua inapiga bati. Nilimwambia. Nilisema, "Wifi, ni mimi. Ni chupa ile. Nilifanya uvivu na moto." Nikamwambia na habari ya Bibi Gertruda, jinsi alivyopita mlangoni na jinsi nilivyomwamkia badala ya kumtetea. Nikamwambia hata lile la kutamani aolewe aondoke. Nililia mpaka kamasi zikadondoka kwenye mpira. Uso wake haukubadilika kwa sababu hauwezi kubadilika. Nimeongea na mtu ambaye hawezi kunikatiza, hawezi kunitukana, hawezi kuondoka. Nilipomaliza nikaona hata hilo nimemwonea.

Jumamosi, 19 Februari

Redio imejibu. Dawa haipo.

Jumapili, 20 Februari

Nicholaus amesema nami kwa mara ya kwanza tangu nilipokiri. Alisema, "Akifa, sitakufukuza. Lakini sijui nitakaaje na wewe." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 21 Februari

Shamimu, mke wa Bwana Abdulazizi, amekuja kusaidia zamu. Amefunga mtoto mgongoni, amekaa, amebinya mpira saa mbili mfululizo akisoma dua kwa sauti ndogo. Mimi nilimtukana mumewe mbele yake. Nilijaribu kusema hivyo. Akasema, "Usinipotezee hesabu."

Jumatano, 23 Februari

Mvua. Binya, achia.

Ijumaa, 25 Februari

Saa tano asubuhi niliachia mpira nikahesabu mbili, na kabla sijabinya, kifua kikainuka chenyewe. Kidogo sana, kama nguo inayoguswa na upepo. Nikadhani ni macho yangu. Nikasubiri. Kikainuka tena. Nilipiga ukelele, muuguzi akaja mbio akidhani amekufa.

Daktari Wendelin anasema tusifurahi mapema. Anaweza kuchoka. Tunaendelea kubinya, tunampumzisha kidogo kidogo.

Jumanne, 1 Machi

Amepumua mwenyewe tangu asubuhi mpaka saa sita.

Jumamosi, 5 Machi

Kidole kimesogea.

Jumatatu, 7 Machi

Nicholaus amemaliza kuezeka upya nyumba ya Bibi Gertruda. Wawili kati ya wale vijana saba walikuja kumsaidia kubeba nyasi. Ametuma ujumbe Kihagara kwamba nyumba iko tayari. Hakuna jibu. Bata wake watatu wanalala jikoni kwetu.

Ningekwenda mwenyewe. Kihagara si mbali. Kila siku nasema kesho, halafu nasema mgonjwa ananihitaji. Tingi nilikwenda kwenye mafuriko kwa sababu nilikuwa nakwenda kuokoa watu. Kihagara naogopa kwa sababu huko kuna mtu anayenijua.

Jumapili, 13 Machi

Mrija umetolewa. Anameza uji kwa kijiko. Sauti bado.

Alhamisi, 17 Machi

Mvua kubwa, mahindi ya bondeni yamelala chini.

Jumatano, 23 Machi

Lidia amesema! Si vizuri, ni kama mtu anayeongea chini ya maji, lakini amesema. Nilikuwa namkanda miguu. Alinitazama muda mrefu.

"Wifi. Siku ile ulipokuwa unalia."

Nikaacha kukanda.

"Nilisikia yote." Akapumzika. Kila baada ya maneno matatu ilibidi avute pumzi. "Ulikuwa unalia na mkono unatetemeka. Hewa ilikuwa inakuja nusu nusu. Nilikuwa nakuambia moyoni, mjinga wewe, lia baadaye. Kwanza binya."

Nilianza kucheka huku nalia. Yeye hakucheka. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sijakusamehe. Nikiweza kutembea nitakwenda kukaa kwa shangazi. Kwako sitakula tena." Akafumba macho. Nilifikiri amelala. "Na yule bibi. Mimi ndiye niliyemtukana. Umeshakwenda?"

Nikasema bado.

"Unangoja nini? Nife kwanza?"

Jumamosi, 2 Aprili. Kihagara

Nimekuja kwa miguu, nimemkuta Bibi Gertruda kwenye kibanda cha mtoto wa dada yake, karibu na mwalo. Amekonda. Ana kikohozi cha kifua kisichoisha. Alikuwa anaanika dagaa wa watu wengine kwenye chanja ili wampe wa kula. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kugeuza dagaa.

Nilipiga magoti nikasema niliyoyasema kanisani. Nikasema nyumba imeezekwa, bata ni wazima, Lidia anapumua na ndiye aliyenituma.

"Najua," akasema. "Mumeo alituma mtu. Yule Mwislamu wa duka naye alipita na baiskeli, akaniachia sukari."

"Basi turudi nyumbani, bibi. Nitakubebea godoro."

Akanyoosha mgongo. Macho yake yamefunikwa na ukungu kidogo lakini yananiona vizuri sana.

"Lidia ulimdhuru hujui," akasema. "Kuni zililowa, kila mtu kuni zake zililowa. Hilo Mungu anajua la kufanya nalo. Lakini mimi nilipita mlangoni kwako, ulikuwa unajua. Nilisimama nikakungoja. Ukaniamkia."

Niliokota dagaa mmoja aliyedondoka, nikamrudisha kwenye chanja.

"Sirudi Liuli," akasema. "Huko wataniangalia paa kila mvua ikinyesha, waone kama bado lipo. Nitakaa hapa. Ila hapa nako wanajua nilifukuzwa kwa nini. Watoto hawapokei kitu mkononi mwangu. Ukisema kwenye kanisa la Liuli, Kihagara hawasikii."

Akajifunga kanga yake vizuri, akachukua fimbo, akaanza kushuka kuelekea mwaloni bila kuniambia nifuate. Nilimfuata.

Ilikuwa ni saa ya mitumbwi kurudi. Wanawake labda arobaini walikuwa pale na beseni zao, na yule mama wa chakula na masufuria yake, na wavuvi wanatoa dagaa wa usipa kwenye nyavu. Bibi Gertruda alisimama pembeni ya mchanga uliolowa. Nikasimama katikati. Nikawaomba radhi kwa kuwakatiza, nikawaambia jina langu, na jina la mume wangu, na kwamba ni mimi niliyetengeneza masala ile. Nikasema bibi huyu hakumroga mtu. Nikasema nilijua hivyo siku wanamng'olea paa, na nilikaa kimya kwa kuogopa wasije wakaning'olea langu.

Ziwa lilikuwa na mawimbi, sauti yangu ilikuwa inakwenda na upepo. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu alimvuta mtoto wake nyuma ya kanga, mbali na mimi. Nyuma kule watu walikuwa wanaulizana, amesema nini huyo, ni nani huyo.

Nikageuka kumtazama Bibi Gertruda. Nilidhani imetosha.

"Sema tena," akasema. "Wale wa mwisho hawajasikia."

Nikavuta pumzi, nikaanza upya kutoka kwenye jina langu.